Yoga ya Kupumzika kwa Kila Mwili: Mwongozo wa Kuandaa Warsha Lamu

Mara nyingi mwalimu wa yoga hupanga darasa lake akimfikiria mtu anayeweza kuinama akashika vidole vya miguu. Waliobaki, yaani bibi mwenye goti lililokakamaa, mzee aliyepatwa na kiharusi na kijana anayetumia kiti cha magurudumu, huambiwa "fanyeni mnachoweza", wakaachwa pembeni wakitazama. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Unampanga kwanza yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote, unamtafutia mkao ambao mwili wake utatulia kabisa, na mkao huo huo ndio unaokuwa somo la darasa zima. Mwenye nguvu akitaka zaidi ataongezewa. Nimeuandika kwa walimu wa Lamu, Shela na Matondoni, na kwa yeyote mwenye sebule, mikeka na moyo wa kusaidia jamaa zake.

Yoga ya kupumzika ni ile ambayo mwili hulazwa au kuegemezwa juu ya mito, ukakaa hapo dakika tano, kumi, hata ishirini, bila msuli wowote kufanya kazi. Matumizi haya ya mito, viti na mikanda yalikuzwa sana na B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyezaliwa 1918 na kufariki 2014. Utotoni aliandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, kwa hiyo alijua mwili dhaifu ulivyo. Mwanafunzi wake wa Marekani, Judith Hanson Lasater, ambaye pia ni mtaalamu wa tiba ya viungo, ndiye aliyeieneza sana yoga ya kupumzika kama somo la kujitegemea. Namna inavyofanya kazi haina siri: mwili ukishikwa vizuri na pumzi ya kutoka ikawa ndefu kuliko ya kuingia, moyo hupunguza kasi, misuli hulegea, na mishipa ya fahamu inayotuliza mwili hupata nafasi yake.

Hatua ya kwanza: zungumza na watu kabla ya kutandika mkeka

Lamu ni mji wa Waislamu, na swali la kwanza utakaloulizwa ni kama yoga ni ibada ya Kihindu. Jibu kwa ukweli. Asili yake ni India, na imefungamana na dini za huko. Unachofundisha wewe ni kulala, kuegemea na kupumua. Halafu fanya kama ulivyosema: usiimbishe watu maneno ya Kisanskriti, usiweke sanamu wala ubani wa kuashiria ibada, wala usimlazimishe mtu kuunganisha viganja kifuani. Mikao ipe majina ya Kiswahili: "miguu ukutani", "kifua wazi", "kulala ubavu". Mwenye shaka mwache akaulize kwa anayemwamini katika dini, na akiamua kutokuja usimfuate. Naona heshima hii ina uzito kuliko ujuzi wowote wa viungo, kwa sababu bibi akiwa na wasiwasi moyoni hatapumzika hata umpe mito kumi.

Wanawake wawe na darasa lao, na mwalimu na msaidizi wawe wanawake. Mlango uwe na pazia nzito, na simu zisipige picha. Kwa mavazi, dera pana juu ya suruali nyepesi linatosha, na mtandio si kizuizi kwa mkao wowote ulioelezwa hapa. Pini za mtandio tu ziondolewe nyuma ya kichwa.

Hatua ya pili: mahojiano ya faragha

Kila mtu muone peke yake siku moja au mbili kabla. Mwendee kwake ikiwezekana, umsalimie, masalkheri, ukae naye barazani, usije na karatasi mkononi kama karani. Mwulize anafanya kazi gani, kwa kuwa kazi inaeleza mwili. Msusi wa mikeka wa Matondoni hukaa chini siku nzima, akainama shingo. Nyonga zake huenda ziko laini na mabega yamefungana. Mvuvi na fundi wa jahazi huwa na kiuno kilichochoka na viganja visivyofunguka vizuri. Mchonga milango hulemea upande mmoja.

Kisha uliza yafuatayo, na majibu yaandike baadaye ukiwa peke yako:

Ana presha, na anameza dawa? Ana kisukari, na miguu imekufa ganzi? Macho yake yana ugonjwa wa presha ya macho? Aliwahi kuanguka kifafa? Amefanyiwa upasuaji lini, na wapi? Mifupa yake imewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu? Ana selimundu, yaani ugonjwa wa siko seli? Mwanamke ana mimba, na ni ya miezi mingapi? Anaweza kukaa sakafuni na kuinuka mwenyewe?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua nani atabaki kitini darasa zima. Mtu asiyeweza kuinuka sakafuni anaona aibu kubwa kuinuliwa mbele za watu. Mtu huyo darasa lake lote lifanyike kitini au kitandani, na usimshushe chini hata akisema ataweza.

Wanaohitaji ruhusa ya daktari kwanza ni hawa: aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma ghafla, mwenye miguu iliyovimba pamoja na kukosa pumzi, na mjamzito anayetokwa na damu. Warsha yako haichukui nafasi ya dawa. Waambie waziwazi, na usikubali mtu aache vidonge vyake kwa sababu amejisikia nafuu.

Hatua ya tatu: mahali, maji na saa

Nyumba za kale za mawe hapa zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, ndiyo sababu misana yake, yaani vyumba vyake vya ndani, ni myembamba, kama mita mbili na nusu hivi, lakini ni mirefu. Kwa kazi hii hakuna chumba kizuri zaidi. Mtu akilala miguu ikiwa ukutani, kutoka ukutani hadi kichwani huchukua kama mita moja, kwa hiyo unabaki na njia ya kupita bila kuruka watu. Panga mikeka ifuate ukuta mmoja. Kuta nene huzuia joto na kelele za nje.

Tatizo ni ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni za wima na vidato vyake havilingani. Darasa la watu wenye uwezo tofauti lisiende ghorofani hata kama upepo wa juu ni mtamu. Tumia kiwanda cha ndani, yaani ua wa nyumba, au chumba cha chini, na chunguza kizingiti cha mlango. Vingi viko juu, na kiti cha magurudumu kitahitaji ubao wa kupandia. Pima upana wa mlango kwa kamba kabla ya siku yenyewe, kisha pima na njia. Vichochoro vya mji vina vidato, mifereji na punda waliobeba mawe. Usita wa Pwani, yaani njia ya ufukweni, ndio ulionyooka zaidi. Shela usiahidi kumpitisha mtu wa kiti mchangani. Magurudumu membamba huzama.

Mwanafunzi akija kwa mashua, tazama maji. Yakijaa, mashua hukaribia kulingana na gati na mtu huvushwa kwa urahisi. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kuna vidato virefu vyenye utelezi. Maji husogea kwa takriban dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa wiki hii haitafaa wiki ijayo. Mpigie nahodha simu mapema na umwambie abiria ni nani.

Saa nzuri ni baada ya Alasiri, kuanzia saa kumi na nusu hivi hadi saa kumi na mbili, watu wapate kutawadha na kuiwahi Magharibi. Msimu wa kaskazi chumba kitakuwa na joto, fungua pande zote mbili upepo upite. Wakati wa kusi kuna ubaridi, na mtu aliyelala tuli hupoa haraka, kwa hiyo shuka ziwe tayari. Mwezi wa Ramadhani fupisha darasa liwe la kulala tu, na mwenye kisukari anayefunga asije kabla ya kuzungumza na daktari wake. Adhana ikilia katikati ya darasa, nyamaza. Watu wataendelea kulala wakiisikiliza.

Hatua ya nne: vifaa vya nyumbani

Vifaa vya yoga vya dukani ni ghali, na vingi havihitajiki. Kwa kila mwanafunzi tafuta takia moja kubwa, mito miwili, leso (khanga) nne au tano, shuka moja na viti viwili visivyo na mikono, kimoja cha kukalia na kingine cha kuegemea. Msala wa kuswalia usiutumie kama kifaa cha darasa hata ukipewa. Uache kwa kazi yake.

Takia ndilo moyo wa darasa. Linalofaa lina urefu wa sentimita sabini hivi, upana wa thelathini na unene wa ishirini, na liwe gumu kiasi kwamba ukilikalia halibonyei hadi chini. Ukijaza sufi peke yake, litakuwa laini na litabonyea baada ya wiki chache. Changanya na pamba, au weka blanketi kuukuu lililokunjwa katikati na sufi pembeni. Foronya iwe ya merikani au kitambaa kingine kigumu cha pamba, yenye kufunguka upande mmoja ifuliwe. Kabla ya takia kushonwa, godoro jembamba lililokunjwa na kufungwa kwa kikoi hufanya kazi hiyo hiyo.

Leso ni kifaa ambacho sijaona mfano wake. Ikunje mara tatu kwa urefu uiviringe kwa nguvu kutoka upande mmoja, utapata gogo dogo la kuweka chini ya shingo au kifundo cha mguu. Mbili pamoja zinatosha chini ya magoti. Ikikunjwa bapa, hufunika macho. Ikifungwa kuzunguka mapaja, huzuia miguu kufunguka hovyo kwa mtu ambaye misuli yake haimtii.

Viti vya plastiki husukumika kwenye sakafu laini na miguu yake hupanuka. Panga viwili kimoja juu ya kingine, na mgongo wa kiti uguse ukuta.

Hatua ya tano: mpango wa dakika tisini

Wanafunzi wanane ndio wengi wa kutosha, na pawe na msaidizi. Wakizidi hapo, huwezi kumtazama kila mtu usoni.

Dakika kumi za kwanza watu waingie, wakae, wanywe maji. Mwenye selimundu hasa anywe vizuri na asiachwe apigwe na baridi. Dakika kumi na tano zinazofuata ni za viungo, wote wakiwa vitini, hata vijana. Zungusha vifundo vya miguu, fumba na fumbua viganja, inua mabega na kuyaangusha, geuza shingo taratibu kulia na kushoto bila kuitupa nyuma. Aliyepooza upande mmoja atumie mkono mzima kuubeba ule dhaifu, na mtu mwingine yeyote asimvute mkono huo. Bega lake hutoka mahali kwa urahisi.

Halafu pumzi. Ingiza kwa kuhesabu hadi nne, toa kwa kuhesabu hadi sita. Asiyefika aanze na tatu kwa nne. Hakuna kuzuia pumzi wala kupumua haraka haraka kwenye darasa hili: mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito hawafai kufanyiwa hayo, na wengine hawayahitaji.

*Kuegemea mbele.* Weka kiti cha pili mbele ya mwanafunzi, matakia juu yake hadi yafike usawa wa kifua, aegemeze mikono na paji la uso au shavu. Dakika tano; akiegemeza shavu, ageuze upande katikati. Kichwa kikiwa juu ya moyo, mwenye presha na mwenye ugonjwa wa macho wako salama. Mwenye mifupa myepesi asijikunje mgongo. Ongeza takia hadi mgongo unyooke. Mjamzito apanue magoti.

*Kifua wazi.* Mkao huu unastahili muda kuliko yote, dakika kumi hadi kumi na tano. Takia lilale kwa urefu, mwanafunzi akae sakafuni kiuno kikigusa ncha yake, kisha alale juu yake taratibu akijishika kwa viwiko. Kichwani weka leso zilizokunjwa mpaka paji la uso liwe juu kidogo kuliko kidevu. Nyayo zikutane, na kila goti liegemee mto wake. Magoti yakining'inia hata kidogo, misuli ya mapaja itabaki kazini na mkao wote utakuwa bure.

Sasa mtazame kwa karibu. Taya likiwa limebana, kichwa hakijapata urefu wake. Vidole vya miguu vikinyanyuka, mito ya magoti ni mifupi. Viganja vikiwa vimejikunja, weka leso chini ya mikono. Subiri pumzi tatu, tazama tena. Bibi mwenye magoti magumu anyooshe miguu, uweke gogo la leso mbili chini ya magoti na jingine dogo chini ya visigino. Mara nyingi uso hubadilika hapo hapo. Mjamzito aliyevuka mwezi wa tano asilale chali. Mjengee mteremko mkali kwa kiti kilichopinduliwa na matakia, awe kama aliyekaa nusu, au alale ubavu wa kushoto. Aliyebadilishwa nyonga asikutanishe nyayo wala asikunje nyonga kupita pembe ya kiti. Aliyeko kwenye kiti cha magurudumu afunge breki, aweke gogo la leso kwa urefu kati ya mabega, mito chini ya mikono, na kibao chini ya nyayo zisining'inie. Kila baada ya dakika chache asogeze uzito, kwani ngozi isiyohisi hupata vidonda bila mwenyewe kujua.

*Miguu ukutani.* Hapa misana mirefu inaonyesha faida yake. Akae ubavu kwa ukuta, alale huku akigeuza miguu juu. Mwenye mapaja magumu asogee mbali na ukuta. Dakika nane. Walio wengi watastarehe zaidi wakiweka mashavu ya miguu juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa, na mwenye presha nampa hiyo moja kwa moja. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho asiinuliwe kiuno kwa takia. Mwenye ganzi ya kisukari akaguliwe nyayo kwanza, na kisigino kisibanwe na ukuta wa mawe. Mwenye matatizo ya moyo yenye uvimbe wa miguu aukose mkao huu kabisa, akae kitini na miguu kwenye kigoda.

*Kulala.* Dakika kumi na tano za mwisho. Chali na mto chini ya magoti, au ubavu na mto kati ya magoti, au kitini na kichwa ukutani. Wafunike wote, na leso machoni kwa anayetaka tu. Kuna watu ambao kufumba macho chumbani na wengine huwatia hofu. Waambie mapema kwamba kutazama dari kunaruhusiwa, na kwamba mlango hauna kufuli. Usitembee nyuma ya vichwa vyao.

Kuamka kuchukue dakika tano nzima. Wageuke ubavu, wasukume sakafu kwa mikono, wakae, wasubiri dakika mbili ndipo wasimame. Wazee wengi wanaomeza dawa za presha huona kizunguzungu hapa, na msaidizi awe karibu nao.

Kusema na asiyeona, asiyesikia, na mtoto

Asiyeona mpokee mlangoni, mpitishe chumba chote akigusa ukuta, kiti, takia. Wakati wa kufundisha usiseme "hivi" wala "kama mimi". Sema "kiganja cha kulia juu ya goti la kulia". Ukizoea, utaona wenye macho pia wanakuelewa vizuri zaidi.

Asiyesikia aone uso wako na mwanga uangukie mdomo wako. Katiba ya mwaka 2010 inatambua Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli; akija na mkalimani, mpe nafasi kando yako mbele. Kabla hajafumba macho, kubalianeni alama ya kumaliza: kuguswa mara mbili kwenye mguu, au taa kuzimwa na kuwashwa. Kugusa kokote, kwa yeyote, kuombewe idhini siku ile ile.

Mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo aje na mama au shangazi yake. Dakika kumi zinamtosha, na mkao wake ni ule anaoupenda mwenyewe. Ukiweka takia akalikumbatia ubavu, mwache hapo.

Simamisha mara moja

Maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, ulimi mzito, kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote: usimpe maji wala usisubiri, mpeleke hospitali. Kwa sababu gari haliwezi kupita vichochoro vya hapa, namba ya boti na ya hospitali ziandikwe ukutani kabla ya darasa. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho, kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari. Akianguka mtu kwa kifafa, ondoa viti, mgeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, ita msaada.

Ganzi, kuchomwa au kuvutwa ndani ya kiungo ni ishara ya kuondoa mkao, hata kama mwanafunzi anasema anavumilia. Wazee wetu wana uvumilivu mwingi mno kwa darasa hili. Waulize mara mbili.

Baada ya darasa

Wape chai isiyo na sukari nyingi na muda wa kukaa. Jioni hiyo andika kwa kila mtu alitumia mito mingapi na aliiweka wapi, siku nyingine aikute imepangwa. Kesho yake piga simu: alilala vipi, kuna mahali panauma? Ikiwa panauma zaidi kuliko jana, punguza muda nusu kwenye darasa linalofuata na uinue mito. Foronya na leso zifuliwe na kuanikwa juani, na takia la sufi lianikwe pamoja nazo, kwa kuwa unyevu wa pwani huliozesha ndani.